Celina Anakunja, Vitaline Anang'ata

Hapa Okaw, kijiji chetu cha Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi hii ya baridi ya kaskazini, ukitaka kujua kama Celina Ballantyne yumo katika ukumbi wa kijiji, huna haja ya kuchungulia dirishani. Simama nje usikilize. Kwa miaka mingi aliendesha basi la shule, na kila mtoto wa kijiji alijua kwamba akichelewa, Celina atapiga honi mpaka bibi yake atoke nje na gauni la kulalia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na utani wa kuvunja mbavu. Ila alipocheka yeye mwenyewe aliziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yake ya juu yote yalikuwa ya bandia, na ya chini hayakuwa mengi.

Ng'ambo ya ghuba ya ziwa letu aliishi dada yake mkubwa, ndugu yake wa toka nitoke, Vitaline. Asubuhi za baridi Celina aliweza kuuona moshi wa jiko la Vitaline ukipanda juu ya miti, na ndivyo alivyojua kwamba dada yake bado yu hai. Zaidi ya hapo hakutaka kujua. Tangu wakiwa wasichana hawakuwahi kusemeshana. Walikutana misibani na harusini, wakakaa meza za mbali kwenye bingo, na likiwapo jambo la lazima, mmoja alimwambia mtu wa tatu huku mwenzake akisikia. Watu walishazoea kuwapangia viti mbalimbali bila kuuliza. Vijana walidhani walikuwa wamegombea mwanamume.

Hawakugombea mwanamume. Waligombana kwa ajili ya gome la mti.

Bibi mzaa baba yao alikuwa fundi wa kung'ata magome, ufundi ambao sisi Wakrii tumeachiana kinywa kwa kinywa, na hapo nasema kinywa chenyewe hasa. Barafu ilipoyeyuka na utomvu kupanda, bibi alichuna gome la mti mmoja mweupe wa misitu yetu, akalibandua utando kwa utando mpaka akapata ngozi moja nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliikunja, akaikunja tena, akaitia kinywani upande wa meno ya chonge, akaanza kung'ata taratibu huku akiizungusha kwa vidole bila kuiona. Alipoikunjua na kuiinua kwenye mwanga, palikuwa na ua, au nyota, au kereng'ende, aliyechorwa kwa alama za meno tu. Vitaline hakuwa na subira ya kazi ile. Celina alikuwa nayo. Bibi alisema mtoto huyu ana macho ndani ya shavu.

Kisha ndege ikatua ziwani, na watoto wakachukuliwa kupelekwa shule ya bweni ya misheni, mbali kusini, mahali walipokatazwa lugha yao na kukatwa nywele. Celina alikuwa na miaka minane hivi. Nyuma ya chumba cha kufulia nguo palikuwa na rundo la kuni, na katika zile kuni alikuta zenye gome jeupe. Alibandua kidogo, akajibanza pembeni, akang'ata kereng'ende mmoja, akamficha chini ya mto. Msichana wa kitanda cha jirani akaomba wake. Wa pili akaomba. Haikupita muda, bweni zima la wadogo lilikuwa na magome chini ya magodoro, na watoto waliokuwa wakilia mpaka wanapaliwa wakaanza kupata usingizi.

Mtawa msimamizi alipokuta gome moja, aliwapanga mstari. Vitaline alikuwa kiranja wa bweni lile. Akaambiwa aseme ni kazi ya nani, la sivyo hakuna mtoto wa Okaw atakayekwenda kwao kiangazi. Vitaline alinyoosha kidole.

Celina alipigwa mdomoni kwa brashi ya mbao ya kusugulia sakafu. Meno ya mbele yalivunjika palepale. Mengine yalioza moja baada ya jingine, yakang'olewa kabla hajawa mwali. Hakung'ata gome tena. Na yule aliyenyoosha kidole alirudi kwao na meno yake yote, meupe, yaliyopangika, akazeeka nayo. Kila Jumapili Vitaline alipofumbua kinywa kuimba kanisani, Celina aliyaona.

Maisha yakaenda. Celina aliolewa, akanywa pombe mpaka mume akakimbia, akaacha pombe, akalea watoto wake peke yake, nao wakakua wakaenda mjini. Serikali ilipoomba radhi kwenye televisheni kwa habari ya zile shule, wenzake wengi walikaa wakalia. Yeye aliizima akaenda kukagua mitego yake ya sungura. Alisema radhi ni kitu kizuri, lakini haimpi mtu chonge.

Halafu ukaja ule msimu wa baridi ambao hapa kwetu hatupendi kuutaja. Vijana wetu walianza kujitoa uhai. Alizikwa wa kwanza, na kabla tanga halijaanuliwa akafuata mwingine. Wachimba makaburi walilazimika kuwasha moto juu ya ardhi ili ilainike wachimbe. Zahanati ilikuwa na mshauri nasaha mmoja tu, Doreen Linklater, binti wa papa hapa aliyesomea kazi hiyo mjini, naye alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, macho mekundu, akikalishwa jikoni na watu wasiojua waseme nini.

Miongoni mwa waliofiwa alikuwa Raylene, mjukuu wa Vitaline, msichana wa miaka kumi na sita. Rafiki yake wa chanda na pete ndiye aliyezikwa wa pili. Raylene alirudi kutoka makaburini, akapanda kitandani nyumbani kwa bibi yake, akageukia ukuta. Hakutaka chakula, hakutaka simu, hakutaka mtu. Doreen alikwenda kila siku, akaketi kando ya kitanda, akarudi bila neno. Alimwambia Vitaline asimwache msichana peke yake hata kidogo, na kwamba daktari wa mjini ameshaarifiwa, lakini nafasi kule ni finyu na foleni ni ndefu.

Siku moja Vitaline alikuwa akipanga kuni karibu na kitanda, akaona mkono wa Raylene umetoka chini ya blanketi. Vidole vilikuwa vimeshika kipande cha gome kutoka kwenye ukuni, vinabandua utando baada ya utando, bila haraka, wakati uso wenyewe umeelekea ukutani. Vitaline aliduwaa, kuni bado zimemjaa mikononi. Ghafla alikumbuka bweni, na watoto wadogo walivyolala.

Alimwita mkwe wake aje akae na msichana. Akavaa buti na koti, akatia vipande vya gome kifuani, akashuka ziwani, akavuka barafu kwa miguu.

Celina alikuwa akikanda unga aliposikia mlango ukigongwa. Watu wa Okaw hawagongi mlango, wanaingia tu. Akafungua mikono ikiwa na unga, akamwona dada yake amesimama, nyusi zimeganda theluji.

Upepo ukawa unaingia.

"Unanitolea joto lote nje," Celina akasema mwishowe. "Ingia, au ondoka."

Vitaline akaingia. Hakuketi. Alisema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga tangu katikati ya ziwa. "Ni mimi niliyekuonyesha kidole. Sikuja kukuomba unisamehe, sina uso huo. Raylene hali, hasemi. Nimeona anabandua gome. Nimekuja kukuomba umng'atie kitu, kama ulivyowang'atia wale."

Yote aliyoyalimbikiza tangu utoto yakamtoka Celina kwa mkupuo. Alimwambia Vitaline jinsi alivyomeza damu siku ile ili asipigwe tena kwa kuchafua sakafu. Alimwambia alivyomngoja dada yake aje kitandani kwake ampanguse, na dada hakuja. Kwamba kipigo alikisamehe zamani, maana kilitoka kwa mgeni, lakini kule kutokuja hakukusamehe. Vitaline alisikiliza akiwa amesimama, theluji ikiyeyuka na kumtiririka usoni, hata ikawa vigumu kujua yapi ni maji na yapi ni machozi. Hakujitetea. Alisema tu kwamba usiku ule alisimama nyuma ya mlango wa bweni mpaka miguu ikafa ganzi, akashindwa kuingia.

Celina akageuka akasukuma birika motoni. Akanyoosha mkono bila kutazama. "Lete hilo gome."

Alilibandua kwa kucha, na vidole vyake vikajua njia. Akalikunja pembetatu, akalitia kinywani, akang'ata. Meno ya bandia yakateleza. Akang'ata tena kwa nguvu zaidi, na alipolitoa gome, meno yote ya juu yakatoka nalo, yameling'ang'ania kama samaki aliyeshika ndoano.

Dada wawili wakayatazama. Celina, kinywa kimebonyea, akayatazama. Kisha kicheko kikamjia kutoka tumboni, Vitaline naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka ikabidi washike meza. Na safari hii Celina hakuziba mdomo.

"Basi," alisema alipopata pumzi, "yako umeyatunza miaka yote hiyo, bila shaka yalikuwa yanangoja kazi. Keti hapa. Mimi nitakunja, wewe utang'ata."

"Mimi sijui, Celina."

"Najua hujui. Hukuwahi kujua. Fuata ninavyokwambia."

Jaribio la kwanza lilionekana kama pahali alipopita panya. La pili lilitoboka. Celina alimkaripia dada yake kama anavyowakaripia watoto wa basi: polepole, hilo siyo mfupa, tumia chonge, acha magego, sasa zungusha, sogea kidogo, gusa tu usikate. Alifumba macho, na ndani ya giza lile akaliona gome lote limekunjuka, kila mstari mahali pake. Chai ilipoa. Walipoinua la mwisho dirishani, kereng'ende alikuwa pale, bawa moja fupi kuliko jingine, lakini kereng'ende.

Wakavuka barafu pamoja kwa pikipiki ya theluji ya Celina, Vitaline kakaa nyuma akimshika mdogo wake kiunoni. Watu waliowaona madirishani wakaanza kupigiana simu. Mzee mmoja alisema pengine mwisho wa dunia umefika, na yeye bado hajamaliza kukausha samaki wake kwa moshi.

Hawakumpa Raylene hotuba. Waliketi kando ya kitanda chake, mmoja anakunja, mmoja anang'ata, wakabishana. Celina alisema ua lile lina tumbo la kuhara. Vitaline, gome mdomoni, hakuweza kumjibu, akamfinya. Ikawa hivyo siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Sakafu ikajaa maua, vipepeo na nyota zilizopinda.

Siku moja Celina aliinua gome moja na kusema kobe huyu kidogo amekubali. Sauti nyembamba, iliyokauka kwa kukaa bila kutumika, ikatoka ukutani.

"Hiyo ni kobe au ni baga?"

Vitaline alitaka kuruka amkumbatie. Celina alimkanyaga mguu ili atulie. "Ni kobe," akajibu kama vile hakuna kilichotokea. "Lakini bibi yako ana njaa, ndiyo maana anang'ata baga. Wewe ungeweza zaidi?"

Raylene akageuka. Alilitazama lile gome muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

Sitaki kudanganya kwamba msichana aliamka siku ile akacheza ngoma. Alikuwa na siku nzuri na siku za kurudi ukutani. Doreen alisimama naye, na nafasi ya daktari ilipopatikana Celina mwenyewe alimpeleka mjini kwa basi la shule tupu. Lakini tangu siku ya baga alianza kula supu, na alianza kusema. Alikuwa na meno makali na mkono mwepesi, na punde si punde alikuwa anang'ata vitu ambavyo hata bibi wa zamani hakuvijaribu: kundi la samaki, mti na mizizi yake, uso wa rafiki yake aliyekufa, kutoka pembeni, anacheka.

Huo uso ndio uliomfanya Doreen aombe ukumbi wa kijiji kila Alhamisi. Alisema hatatundika tangazo lenye maneno ya hospitali. Aliandika tu: Kung'ata magome, chai ipo. Wiki ya kwanza walikuja wanawake wachache. Kisha wakaja wasichana, halafu mama wa kijana wa kwanza kuzikwa, halafu wanaume, waliosema wamekuja tu kurekebisha jiko la ukumbi, na walirekebisha jiko lile kwa mwezi mzima. Palikuwa na supu ya sungura, mkate wa kukaanga, na chai nyeusi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Doreen aligundua jambo ambalo vyuo havikumfundisha na wala havikumkataza: mtu mwenye gome mdomoni hawezi kumkatiza mwenzake. Mmoja alipoanza kueleza yaliyomsibu, wengine wote walikuwa wanang'ata, kwa hiyo walisikiliza mpaka mwisho. Mambo yaliyofungwa vifuani tangu siku za ile shule yalisemwa kwenye ukumbi ule. Vijana wakajua kwa mara ya kwanza kwa nini babu zao hawakuwahi kuwakumbatia. Msimu ukapita bila kaburi. Na mwingine ukapita.

Habari zikafika mjini, mji wa machimbo mwendo wa nusu siku kwa gari, ulio na hospitali ambayo watu wetu hupelekwa wakizidiwa na mawazo. Mji ule na sisi hatukuwa na mazoea mazuri. Madukani walitufuata nyuma kwenye rafu kama tuna mikono ya kunata, na hospitalini swali la kwanza lilikuwa kama umelewa. Siku moja gari lilisimama mbele ya ukumbi, akashuka msimamizi mpya wa hospitali, Bi Kowalchuk, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyofaa kwa matope. Alikunywa chai yake yote, akala mkate, akaomba kuonyeshwa. Kisha akaeleza shida yake. Palikuwa na wiki ya upatanisho inakuja, ya kukumbuka yaliyotendwa katika zile shule za misheni, na wangependa kuyatundika magome kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia hospitalini, kwa wiki hiyo.

Ukumbi mzima ukamtazama Celina, maana aliacha kukunja.

"Na wiki ikiisha?" Celina akauliza.

Bi Kowalchuk akasema yangerudishwa salama, na shukrani.

"Sikiliza, mama," Celina akasema, bila ukali. "Mimi najua habari ya meno kuliko watu wengi. Upatanisho usio na meno ni uji. Unaumeza vizuri, na saa mbili baadaye una njaa."

Watu wakacheka, Bi Kowalchuk naye akacheka, akiwa mwekundu. Celina akamwambia wanachotaka. Siyo ukumbi wa kuingilia, ambako watu hupita wakiwa na miavuli. Ni ile wodi ya wagonjwa wa mawazo, chumba ambacho ndugu hukaa wakingoja, kile chenye dirisha kubwa na kuta rangi ya maziwa yaliyochacha. Yeye alikaa humo siku aliyompeleka Raylene, akaona kwamba hata mzima angeugua. Dirisha lile lote liwe la magome, na yasiondolewe. Tena kila siku awepo mtu mmoja wa kwetu wa kukaa na wagonjwa na kusema nao Kikrii, na asisimamishwe mlangoni kuulizwa amekunywa nini.

Bi Kowalchuk hakuahidi. Alisema ukweli, kwamba kuna watu juu yake, na wengine ni wagumu. Wengi walidhani hawatamwona tena. Lakini barafu ilipoanza kupasuka alirudi, na viatu vya mpira safari hii, akaingia ukumbini akasema wamekubali yote. Alikuwa amepigana nao kikao baada ya kikao, alisema, na sauti ilikuwa imemkauka. Vitaline alimkatia kipande kikubwa cha samaki.

Kiangazi kile kijiji kizima kiliingia msituni kuchuna magome, kwa utaratibu, bila kuujeruhi mti, na kuacha tumbaku kidogo ya shukrani chini ya kila mmoja kama inavyostahili. Waling'ata mpaka taya zikauma. Dirisha lilipokuwa tayari tulikwenda mjini kwa msafara, basi la Celina mbele, honi ikilia tangu daraja la kwanza.

Nimeona mambo mengi, lakini sijaona kitu kama chumba kile jua lilipopiga. Dirisha zima, kutoka sakafuni hadi darini, lilikuwa rangi ya asali, na ndani ya asali ile walielea kereng'ende, samaki, nyota, kobe, nyuso. Mwanga ulianguka ukachora yote yale sakafuni na mikononi mwa watu. Wagonjwa walitoka vyumbani kwao na kusimama. Watu wa mji walikuwa wamekuja pia, wengi kuliko tulivyotarajia, mmoja wa wauzaji wa yale maduka akiwamo, kofia mkononi.

Wakamwomba Celina aseme. Aliyezoea kumsikia akipiga kelele alishangaa, kwa sababu alizungumza kwa sauti ya chini. Alisimulia habari ya rundo la kuni, bweni, na brashi. Vitaline alikuwa karibu naye, na alipoona hadithi inaelekea wapi alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Celina akamshika mkono, akamrudisha.

"Huyu ni dada yangu," akasema. Neno hilo, dada, hakuwa amelitamka tangu siku ya mstari ule. Hata walipokuwa waking'ata pamoja alimwita Vitaline tu. "Ndiye aliyelazimishwa kunionyesha kidole. Nilimnunia maisha yangu yote. Sasa nina wajukuu, nikiwatazama naona jinsi mtoto alivyo mdogo. Aliyenyoosha kidole alikuwa mtoto. Waliomlazimisha walikuwa watu wazima. Nimechelewa kulisema, lakini nalisema mbele yenu wote ili asije akalibeba tena. Dada, umesikia?"

Vitaline aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Raylene alikuja akasimama katikati yao, akawashika mabega, na mtu mmoja nyuma akaanza kupiga ngoma ya mkono, na ule wimbo wa kwetu wa kukaribisha waliotoka safari ukajaa katika wodi ile ambamo kelele zilikuwa marufuku. Wauguzi hawakumzuia mtu. Mmoja alikuwa analia na trei mkononi.

Baadaye, watu wakila, mwanamke wa mji alikuja akaketi karibu na Celina. Alisema mwanawe alikufa kama walivyokufa wale wa Okaw, mwaka mmoja kabla, na kwamba mjini kwao jambo hilo halitajwi. Aliuliza kama yeye, asiye wa kwetu, angeruhusiwa kuja Alhamisi. Celina akamkunjia gome palepale. "Una chonge?" akamuuliza. Mwanamke akafumbua kinywa akamwonyesha. "Basi njoo. Chai ipo." Naye alikuja, na Alhamisi nyingine akaja na mumewe.

Leo Raylene ndiye anayekaa katika wodi ile na kusema Kikrii na wagonjwa. Amesomea, na Doreen humwita mwenzangu. Na wale wazee wawili hawakamatiki. Watu wa vijiji vya kaskazini zaidi, ambako barabara haifiki, wamesikia na wanawaita. Juzi ndege ndogo ilitua ziwani mbele ya nyumba ya Celina kuwachukua. Rubani alitia marobota ya magome, akatia sufuria ya Vitaline, akawasubiri, akawasubiri tena. Walikuwa wamesimama gatini wakibishana nani akae dirishani. Vitaline alisema mkubwa ndiye hukaa dirishani, popote pale duniani. Celina alisema fundi ndiye hukaa dirishani, anayeng'ata tu akae katikati. Mwishowe rubani akawaambia kwamba ndege ile ina madirisha pande zote mbili. Wakapanda, kila mtu na dirisha lake, na hata injini ilipowashwa tulio ufukoni bado tulimsikia Celina.